Mzimu wako anadai nini? Jibu kwa mwalimu anayeandika riwaya ya kipupwe

"Mimi ni mwalimu wa sekondari, Makete. Miaka miwili iliyopita, mwezi wa saba, nilifiwa na mdogo wangu wa kiume akiwa na miaka 24. Alikuwa akipakia viazi kwenye malori usiku, akashikwa na nimonia, siku ya nne akatutoka. Wiki mbili kabla ya hapo aliniomba hela ya koti la mitumba, nikamwambia asubiri mwisho wa mwezi. Tangu mwaka jana naandika riwaya ya kijana aliyekufa anayerudi kwao wakati wa baridi. Nimefika ukurasa wa 140. Naandika usiku watoto wakishalala, nimefunga mlango na dirisha, jiko la mkaa miguuni. Waliosoma wanasema mzimu wangu hautishi. Nimeuvika nguo nyeupe, nimeupa macho mekundu, nimeweka theluji Kitulo na wazee wanaokunywa ulanzi mwezi wa saba, bado hautishi. Nafikiria kubadilisha niseme kijana hakufa, alichukuliwa msukule na bibi jirani mwenye macho mekundu, maana hata kwenye msiba wetu maneno hayo yalisemwa. Shangazi amesikia habari za kitabu na ananikataza, anasema marehemu haitwiitwi. La mwisho naona aibu kulisema: kuna usiku nikiandika nasikia kikohozi chake nje ya dirisha. Je, mzimu kwenye riwaya uwe wa kweli au uwe mawazo ya mhusika? Na mimi mwenyewe niko sawa?"

Kamwene, Mwalimu. Pole sana kwa mdogo wako. Miaka miwili si mingi.

Kabla ya riwaya, toa hilo jiko chumbani. Leo. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu, kabonimonoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Chembe za damu zinazobeba oksijeni huing'ang'ania hewa hiyo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko zinavyoishika oksijeni yenyewe, kwa hiyo mtu anapumua vizuri tu huku mwili unakosa hewa. Kwanza kichwa kinauma, kisha kichefuchefu, kisha usingizi mzito ambao wengine hawaamki. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini kipupwe hakipiti bila kusikia nyumba iliyolala na jiko ndani. Na wewe una watoto chumba cha pili.

Nina sababu nyingine ya kuanza na jiko. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alichapisha habari za familia iliyohamia kwenye nyumba kubwa ya zamani, ikaanza kusikia nyayo na kuona watu wasiokuwapo. Chanzo kilikuwa tanuri bovu la kupashia nyumba moto, lililokuwa likivujisha hewa hiyohiyo ndani. Sisemi kikohozi unachosikia kinatoka kwenye mkaa. Nasema hatuwezi kukizungumzia kwa haki mpaka jiko litoke. Ota moto jikoni mlango ukiwa wazi, ndipo uingie kuandika na blanketi magotini. Kama umekuwa ukimaliza kuandika na kichwa kinagonga au unapepesuka, mweleze daktari hivyo hivyo, pamoja na habari ya mkaa.

Sasa mswada ulionitumia. Nimehariri riwaya kwa miaka 19 hapa Iringa, na miswada ya mizimu niliyoipokea mingi ina ugonjwa mmoja na wako: mwandishi ameshughulikia sana mzimu unafananaje, hajajiuliza unadai nini. Nguo nyeupe na macho ya makaa tumeyaona kwenye filamu. Msomaji akiyaona anajua yuko kwenye hadithi ya kutisha, na akishajua yuko wapi, hofu imekwisha. Kwa wazee wetu marehemu hakuwa akirudi kutisha watu. Alirudi kwa sababu kuna kitu hakikukamilika: jina halijarithiwa, kaburi halijajengewa, deni halijalipwa, neno lilisemwa vibaya na halijaombewa radhi. Ugonjwa ulipoingia nyumbani swali lilikuwa "nani anadai, na anadai nini?" Hilo ndilo swali ambalo kurasa zako 140 hazijaliuliza.

Na jibu lake umelitaja kwenye swali lako, kwa sentensi moja, ukapita haraka. Koti.

Ngoja nilishike hili kwa uangalifu, maana hapo si riwaya tu. Umeandika koti na nimonia kwa kufuatana, kama mtu anayejishtaki. Mimi si daktari, lakini hili linajulikana: nimonia huletwa na vijidudu, bakteria au virusi vinavyoingia kwenye mapafu. Baridi inachangia kwa njia ya kuzunguka. Watu wanajifungia pamoja, hewa haipiti, moshi unachubua njia ya hewa, maambukizi yanasambaa. Watu wenye makoti mazito wanaugua nimonia, na wapakiaji wengi wasio na makoti hawaugui. Koti lingempa joto. Hakuna anayeweza kusema lingemponya. Ukitaka kulisikia kwa mtu mwenye mamlaka ya kulisema, nenda kwa daktari au muuguzi unayemwamini, mweleze siku zile nne zilivyokwenda, akueleze ugonjwa huo unavyofanya kazi. Ningependa ufanye hivyo kabla hujaandika sura nyingine.

Lakini mhusika wako anaweza kuamini kwamba koti ndilo lililomuua ndugu yake, na imani hiyo ndiyo itakayoendesha riwaya. Mzimu wako haleti baridi nyumbani. Yeye ndiye anayesikia baridi. Kila usiku wa mwezi wa saba anakuja kuota moto, na kila usiku dada yake anamwona anatetemeka na hana cha kumpa. Hebu kaa na picha hiyo dakika moja. Mtu wa kuogopwa amegeuka mtu wa kuhurumiwa, na bado hofu ipo, kubwa zaidi, kwa sababu sasa dada hawezi hata kutamani aondoke.

Hapa nataka nikuonyeshe chombo ulichonacho mkononi ambacho waandishi wa lugha nyingine hawana. Sentensi yako ya kwanza ya mzimu inasema: "Mzimu ulisimama mlangoni, umevaa nguo nyeupe." Kamusi zinauweka mzimu kwenye ngeli moja na mti: mzimu umekuja, mizimu imekuja. Mdomoni watu wengi husema mzimu amekuja. Wewe umetumia u- kitabu kizima bila kufikiri, na hapo ndipo ulipopoteza nafasi.

Kumbuka wenyewe mlivyosema siku ile. Asubuhi mtu anaumwa, amezidiwa, anapumua kwa shida, amemtaja mama. Halafu simu inapigwa, na kuanzia hapo maneno yote yanabadilika: mwili utatoka saa ngapi, mwili umepakiwa, mwili umefika. Ndani ya nusu saa mdogo wako alihamishwa kutoka a- kwenda u-, na hakuna aliyeamua kufanya hivyo, lugha ilifanya yenyewe. Nimekaa kwenye misiba mingi, na kwangu mimi herufi hiyo ndiyo inayouma kuliko jeneza. Riwaya yako inaweza kumrudisha kwa njia ileile aliyoondokea. Aanze akiwa kitu, awe mtu katikati ya aya, bila mwandishi kumshika msomaji mkono. Tazama:

"Kitu kilisukuma mlango kidogo, kwa bega. Kilikuwa kimelowa. Kilipita nyuma ya mama bila kugusa sufuria, kikainama mbele ya moto, kikanyoosha mikono. Mikono ilitetemeka. Mama hakugeuka. Alisogeza kigoda kwa mguu, akakiacha wazi upande wa ukutani, pale mwanawe alipokuwa akipenda kukaa. Alikaa."

Neno la mwisho ndilo kazi yote. Msomaji wa Kiswahili ataona ki- imekuwa a- kabla hajajua ameona nini. Usiongeze kitu baada yake. Usiseme mama alishtuka, usiseme nywele zilisimama. Na usilitumie tena mpaka mwisho wa kitabu, kwa sababu mara ya pili litaonekana kama ujanja. Ukifika mwisho, dada akishatimiza anachodaiwa, basi unaweza kufikiria ni ngeli gani aondoke nayo. Mimi ningemwacha aondoke na a-.

Mambo madogo niyamalize haraka. Theluji ifute. Kitulo, pamoja na kwamba uwanda ule uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Juni na Julai ni umande unaoganda, sakitu, majani yanaamka meupe na ukikanyaga yanavunjika, jua likipanda saa tatu yote ni maji. Hiyo inatosha na ni ya kwenu. Wazee wasinywe ulanzi mwezi wa saba, maana mianzi inayoutoa hugemwa wakati wa mvua. Kiangazi hicho wape komoni, pombe ya nafaka. Na usiazime usiku mrefu wa Ulaya. Huko Uingereza karne ya 19 magazeti yalichapisha hadithi za mizimu kwenye matoleo ya Krismasi kwa sababu giza huingia saa kumi jioni. Kwenu mwezi wa saba jua linazama karibu saa 12 na nusu, tofauti na miezi mingine ni ndogo. Kirefu kwetu ni asubuhi: saa moja ndio kwanza kunapambazuka, ukungu umelala bondeni, na mtu akitokea barabarani unaona miguu kabla ya kichwa. Mlete mzimu wako asubuhi hata mara moja.

Halafu kipupwe chetu kina jambo jingine. Ndio wakati mavuno yameingia na barabara zimekauka, kwa hiyo ndipo familia nyingi hupanga kumaliza msiba, kubeba mchanga na saruji, kujengea kaburi, kugawana vitu vya marehemu. Baridi na hesabu za wafu zinakuja pamoja. Huhitaji kutunga sababu ya ndugu wote kukutana chini ya paa moja.

Kuhusu msukule, nakuomba usiende huko, angalau si kwa jinsi ulivyopanga. Naelewa kwa nini maneno hayo yalisemwa msibani kwenu. Husemwa akifa kijana, ghafla, mwenye nguvu zake. Kufa kwa mzee kuna maelezo, kufa kwa mtu wa miaka 24 hakuna, na msukule ni maelezo yenye tumaini ndani yake: hakufa, yuko mahali, analima shamba la mtu usiku, siku moja atarudi. Ni majonzi yanayokataa kuzika. Mhusika anayeamini hivyo, tuseme mama anayekataa kaburi kujengewa kwa sababu "hamna mtu mle", huyo ni mhusika mkubwa na ningependa kumsoma.

Tatizo ni bibi jirani. Tumaini hilo linahitaji mwizi, na mwizi huwa mwanamke mzee anayeishi peke yake. Umempa macho mekundu. Unajua macho hayo yanatoka wapi, Mwalimu? Ni miaka 50 ya kupikia kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha, kwa sababu nje kuna baridi. Macho ya bibi yako na yangu. Katika nchi hii wanawake wazee wameuawa kwa macho hayo. Sheria ya Uchawi, iliyoanza tangu 1928, inamhesabia kosa anayemtaja mwenzake kuwa mchawi, lakini sheria haiingii kwenye riwaya kumtetea mtu wa kubuni, wala haimtetei jirani yenu halisi ambaye wanakijiji watamtambua ukurasa wa tatu. Kama unamtaka bibi huyo kitabuni, mwandike watu wakimshuku, na umwandike yeye akijua kwamba wanamshuku, anapima kila anapokwenda kuteka maji ampitie nani. Hapo pana hofu ya kweli, na haina haja ya mzimu wowote.

Umeuliza kama mzimu uwe wa kweli au wa kichwani. Nadhani swali hilo halitoki kijijini kwenu. Kwenye nyumba yako ya riwaya kuna shangazi, kuna mchungaji, kuna muuguzi wa zahanati, na kila mmoja ana jibu lake. Wengine wana majibu mawili, la Jumapili na la usiku. Waache wote wawe nayo. Wewe mwandishi lazima ujue, ila si lazima useme. Ukinibana, nitakwambia umfanye wa kweli. Mzimu wa kichwani una faida ya kumfurahisha msomaji anayetaka maelezo, lakini sura ya mwisho inapogeuka kuwa maelezo ya daktari, koti linakuwa dalili tu, na anayedai haki yake anakuwa hayupo. Hiyo ni hasara kubwa mno kwa kitabu hiki. Kingine kinaweza kuibeba.

Jitahidi pia uzitafute imani za kwenu hasa. Huku Uheheni mizimu ya wazee huitwa masoka. Wanyakyusa wa Rungwe husema abasyuka, yaani waliofufuka. Maneno hayo hayabadilishani nafasi, kila moja lina adabu zake, na mzimu wa Makete anayefuata taratibu za Kalenga, huku Uheheni, atatambulika kuwa mgeni. Nenda kwa wazee wa Kikinga wa huko kwenu, uliza wanamwitaje, anaingilia mlango upi, nani anaruhusiwa kusema naye.

Na mzee wa kwanza wa kumuuliza ni shangazi yako. Naomba usimchukulie kama mtu anayezuia sanaa. Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa miaka ya 1930 na kuandika sana juu ya mazishi yao, alieleza kwamba taratibu zile zilikuwa na kazi mbili zinazofuatana: kwanza kumtenga marehemu na walio hai, asiwasumbue ndotoni, kisha kumrudisha akiwa mzee wa nyumba anayewatakia mema. Sikiliza katazo la shangazi ukiwa na hilo akilini. Hasemi umsahau mdogo wako. Anaogopa unamwita kabla hajapata pa kukaa. Padri John Mbiti wa Kenya, kwa kutumia maneno yetu "sasa" na "zamani", aliandika kwamba aliyekufa hubaki ndani ya "sasa" maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina. Wewe na shangazi mnafanya kazi moja, kila mtu kwa zana zake. Ila ana haki moja ambayo ningeiheshimu: jina la mdogo wako, kazi yake ya malori na ugonjwa wake ni mali ya familia nzima. Badilisha hivyo. Kijana wa riwaya aweza kuwa mpasua mbao Mufindi. Koti ni lako, libaki.

Kikohozi nimekiweka mwisho kwa sababu nilitaka ukisome ukiwa umetulia. Kama jiko limetoka na bado unakisikia, usione aibu. Mwaka 1971 daktari Dewi Rees wa Wales alichapisha matokeo ya kuwahoji wajane na wagane 293, na karibu nusu yao walikuwa wamewahi kumhisi, kumwona au kumsikia mwenza aliyekufa. Wengi hawakuwa wamemwambia mtu, na hawakuwa wagonjwa wa akili. Sikio lililozoea kusubiri mtu miaka 24 haliachi kusubiri siku ya mazishi. Baba yangu alipofariki, Mufindi, mabuti yake ya mvua yalibaki jikoni, na mama aliyageuzia soli motoni kila usiku yakauke, kwa zaidi ya mwaka, ingawa hakuna aliyeyavaa. Siku moja aliyapeleka shambani mwenyewe, akayavaa yeye, yamemzidi. Hatukuzungumza juu yake.

Kuna hali zinazotaka mtu wa kukuona ana kwa ana, na barua haitoshi. Kikohozi kikigeuka sauti inayokuamuru. Ukianza kutamani kumfuata. Ukishindwa kuingia darasani, kula au kulala kwa majuma, au ukiona majonzi ni mazito leo kama wiki ya kwanza na yamesimamisha maisha. Shirika la Afya Duniani linaitambua hali hiyo kuwa ni ugonjwa wa kutibiwa pale inapovuka miezi 6 na kumlemaza mtu. Anza na hospitali ya wilaya, omba kuonana na anayehusika na afya ya akili, watakupeleka rufaa ikibidi. Ukitaka kwenda na mchungaji wako, nenda naye. Na kama ni hilo la kutamani kumfuata, usingoje kesho, mwamshe mtu aliye karibu usiku huohuo.

Kama hakuna hata moja kati ya hayo, andika. Anza upya kuanzia ukurasa wa kwanza, usiziokoe zile 140, zilikuwa njia ya kufika kwenye koti. Andika mchana ukiweza. Ukimaliza sura ya mlango na kigoda, mtafute shangazi jikoni kwake, mwombe akae, umsomee yeye kabla ya kunitumia mimi.